Cesare Fiorio na Kitabu cha Sheria

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, vijana mliojaa kule nyuma, asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie bosi mmoja wa Kiitaliano wa mbio za magari, na nadhani wengi mlitarajia Enzo Ferrari. Enzo ameshasemwa vya kutosha. Nimemchagua mtu ambaye wazee waliosimama kando ya barabara za Taita wakati wa Pasaka waliiona kazi yake ikiwapita kwa vumbi, pengine bila kulijua jina lake. Anaitwa Cesare Fiorio.

Fiorio hakuwa mhandisi, na hakuna gari alilolichora. Ujanani aliendesha mbio kidogo, kisha akauacha usukani kwa wenye kipaji zaidi. Lakini chini ya uongozi wake Lancia ilichukua taji la dunia la rali mara nyingi kuliko timu yoyote ya wakati wake. Ukiuliza alifanyaje, jibu langu ni moja: alisoma. Alikisoma kitabu cha sheria za mashindano kama wakili anavyousoma mkataba wa kiwanja, akitafuta yaliyoandikwa na hata yale ambayo mwandishi alisahau kuyaandika. Jioni hii nataka tumfuate mtu huyo tuone kitabu kilimfikisha wapi, na kilimwacha wapi.

Alizaliwa Turin mwaka 1939. Baba yake, Sandro, alikuwa mkuu wa mawasiliano wa kampuni ya Lancia, kwa hiyo kijana alikulia kwenye harufu ya kiwanda. Wakati huo Lancia haikuwa na hamu ya mbio. Katika miaka ya hamsini kampuni ilikuwa imetumbukiza fedha kwenye mbio mpaka ikakaribia kufilisika. Mwaka 1963 Fiorio, akiwa na miaka 23, alianzisha timu ndogo iliyoitwa HF Squadra Corse, kwanza kama chama cha wapenzi wa magari ya Lancia kuliko idara rasmi. Nembo yake ilikuwa herufi HF na chini yake tembo wadogo wekundu wanaokimbia kwa mstari. Ndiyo, tembo. Waitaliano walikuwa na tembo kwenye boneti kabla hawajamwona mmoja akivuka barabara mbele yao usiku wa manane.

Pole pole kampuni ikaikubali timu. Fiat ilipoinunua Lancia mwaka 1969, Fiorio alikuwa na gari dogo la Fulvia, linalovutwa na magurudumu ya mbele, na dereva aliyeitwa Sandro Munari. Januari 1972 Munari aliitwaa rali ya Monte Carlo na Fulvia hiyo, mbele ya Alpine za Ufaransa na Porsche zenye nguvu zaidi, na mwaka huohuo Lancia ikachukua taji la kimataifa la watengenezaji. Lakini Fiorio alijua Fulvia imezeeka. Na hapa ndipo akili yake inapoanza kuonekana.

Mpaka wakati huo, desturi ya rali ilikuwa hivi: kampuni inatengeneza gari la kuuza, halafu mafundi wanalichukua, wanaliimarisha, wanalipeleka mbioni. Gari la mbio ni mtoto wa gari la dukani. Sheria za kundi alilolitaka Fiorio zilidai magari 500 yatengenezwe. Yeye akaisoma sheria hiyo kinyumenyume. Haikusema kwamba magari hayo 500 yabuniwe kwa ajili ya watu wa kawaida. Basi kwa nini usitengeneze kwanza gari la kushinda, ndipo utengeneze mengine mia kadhaa ya kuitosheleza sheria?

Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya Turin, fundi wa mabodi Nuccio Bertone alikuwa ameonyesha gari la ajabu lililochorwa na Marcello Gandini, fupi kiasi cha sentimita 84 kutoka ardhini. Inasimuliwa kwamba Bertone alipokwenda nalo Lancia, alipita chini ya kizuizi cha getini bila mlinzi kukiinua. (Kicheko.) Kutoka kwenye wazo hilo ikazaliwa Stratos: fupi, nyepesi, injini ya Ferrari Dino ya silinda sita nyuma ya mgongo wa dereva. Enzo Ferrari hakuwa mwepesi wa kutoa injini hizo, na ilibidi abembelezwe. Oktoba 1974 Stratos ikaidhinishwa, na siku chache tu baadaye Munari akashinda nayo rali ya Sanremo. Taji la dunia la 1974 likaenda Lancia, la 1975 pia, la 1976 pia. Na yale magari 500? Wanaofuatilia historia hiyo huhesabu kama 490 hivi. Huyo ndiye Fiorio.

Sasa tuje nyumbani, maana kuna mahali kitabu kiligonga mwamba.

Vijana, rali mnayoiona leo ina barabara zilizofungwa, na polisi wanawazuia watu kwa kamba. Safari Rally ya miaka ile ilikuwa kitu kingine. Ilipita kwenye barabara za umma zikiwa wazi, maelfu ya kilomita, usiku na mchana. Dereva alikutana na malori, ng'ombe, baiskeli zilizobeba makaa, na mto ambao jana ulikuwa mkavu. Katika Monte Carlo Fiorio aliweza kujua karibu kila kona iko vipi saa ngapi. Huku hakuna aliyeweza kumwambia mvua itanyesha upande gani wa mlima.

Alikuja, na alikuja kwa nia. Mwaka 1974 Munari alimaliza wa tatu na Fulvia. Mwaka 1975 zikaletwa Stratos zimepandishwa juu na kuimarishwa, na Munari, akiongozwa na msoma ramani wa hapa Kenya, Lofty Drews, akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu. Nani aliwapiga? Ove Andersson na Peugeot 504. Wazee mnatabasamu. Ndiyo, ile 504 ambayo wengi wenu mlipanda mkiwa kumi ndani yake kwenda nyumbani Krismasi. Gari lililobuniwa kwa ajili ya mbio tu lilishindwa na gari la kubeba familia na magunia, kwa sababu 504 ilivumilia. Mwaka uliofuata Mkenya wetu Joginder Singh akashinda na Mitsubishi Lancer, kama alivyofanya 1974, na Stratos hazikuonekana popote kwenye matokeo ya juu.

Mwaka huohuo wa 1976 lilitokea jambo ambalo mimi hulipenda kuliko mataji. Sanremo, Italia. Stratos za Fiorio zilikuwa zinaongoza, Waldegård mbele ya Munari kwa sekunde nne, na hatua moja ya mwisho imebaki. Munari ndiye kipenzi cha Waitaliano. Fiorio hakumwamuru Waldegård apunguze mwendo. Alifanya jambo la ujanja zaidi: alimwambia asubiri sekunde nne pale kwenye mstari wa kuanzia, ili wawili hao waanze wakiwa sawa, na ashinde atakayeweza. Kwenye karatasi, hakuna aliyeonewa. Waldegård akasubiri sekunde zake nne, kisha akaenda kumshinda Munari kwa sekunde nne! Halafu akaondoka Lancia, akajiunga na Ford. Na Pasaka ya 1977, akiwa na Ford Escort, akaja kushinda Safari. Munari na Stratos wa tatu. Mnaona? Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na timu ikampoteza mtu.

Baada ya hapo wakubwa wa Fiat waliamua kwamba pesa za mbio ziuze magari ya Fiat, wala si Stratos ambayo hakuna mwananchi angeinunua. Fiat 131 Abarth ikachukua mataji ya 1977, 1978 na 1980, na idara mbili za mbio zikaunganishwa, Fiorio akiwa juu. Naipita haraka sehemu hiyo, kwa sababu 1983 inatusubiri.

Mwaka 1981 Audi walikuwa wameleta Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na mwaka uliofuata wakachukua taji. Kwenye theluji na matope lilikuwa linapanda kama halijui utelezi ni nini. Lancia walikuwa na 037, gari zuri, jepesi, lakini linasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Kila mwenye akili alisema mambo yamekwisha. Fiorio akarudi kitabuni.

Kwanza, idadi. Kundi B, daraja la magari ya rali ambamo 037 ilishindana, lilidai magari 200 yatengenezwe. Simulizi maarufu katika dunia ya rali ni kwamba wakaguzi walipokuja, walionyeshwa magari yaliyopangwa uwanja mmoja, wakayahesabu. Kisha wakakaribishwa chakula cha mchana, na mnajua chakula cha Waitaliano hakiishi upesi. Walipoinuka wakapelekwa uwanja mwingine kuhesabu yaliyobaki, na yaliyobaki yalikuwa yaleyale ya asubuhi yaliyohamishwa wakati wao wanakula tambi. Sikuhimizeni mfanye hivyo na mamlaka ya mapato.

Pili, Monte Carlo ya Januari 1983. Theluji ilikuwa haba mwaka huo, na hiyo ilikuwa bahati. Lakini inasimuliwa kwamba Fiorio aliisaidia bahati kwa malori ya chumvi, yaliyopita kwenye sehemu zenye barafu kabla ya mbio. Kumwaga chumvi barabarani si kosa, kila manispaa ya milimani hufanya hivyo. Na kulikuwa na hatua ambazo nusu yake ni barafu na nusu ni lami kavu. Ukifunga matairi ya misumari unateseka kwenye lami, ukifunga ya lami unateleza kwenye barafu. Wote walidhani ni lazima uchague. Fiorio aliona sheria haikatazi kusimama katikati ya hatua. Akawafundisha mafundi wake kubadilisha matairi kwa sekunde chache, kama wanavyofanya kwenye langalanga, yaani Formula One, akawaweka pale barafu inapoishia. Jaribuni kuiona: gari linafika kwa kasi, linasimama, magurudumu manne yanatoka, manne yanaingia, linaondoka, na saa bado inahesabu. Sekunde zilizopotea hapo zilirudi mara kadhaa kwenye lami. Walter Röhrl akashinda, Markku Alén wa pili, Lancia moja na mbili dhidi ya magurudumu manne ya Audi.

Tatu, kalenda. Fiorio hakuwa na haja ya kushinda kila mahali. Alihesabu ni rali zipi 037 inaziweza, akatia nguvu huko. Röhrl mwenyewe hakutaka kuwa bingwa wa dunia, alitaka kushindana kwenye rali alizozipenda tu, na Fiorio akamkubalia. Akashinda Monte Carlo, Ugiriki na New Zealand. Alén akashinda Corsica na Sanremo. Mwisho wa mwaka hesabu ikawa Lancia pointi 118, Audi 116. Tangu hapo mpaka leo hakuna gari jingine linalosukumwa na magurudumu mawili tu lililochukua taji hilo la watengenezaji.

Hapo ndipo wasifu mwingi wa Fiorio hupiga makofi na kuendelea. Mimi naomba tusiendelee haraka hivyo.

Kundi B lilikuwa kundi lenye masharti machache, na kila timu ililisoma kama Fiorio alivyolisoma. Lancia wakatengeneza Delta S4, magurudumu manne, injini yenye vipulizi viwili, turbo na kingine kinachoendeshwa na injini yenyewe, na bodi nyepesi mno. Tarehe 2 Mei 1985, huko Corsica, Attilio Bettega alikuwa amekufa ndani ya 037. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 2 Mei 1986, kisiwa kilekile, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walitumbukia bondeni na S4 yao. Gari likashika moto. Hakukuwa na mtu karibu wa kuwaokoa, na mwishowe kilichobaki kilikuwa mifupa ya chuma ya gari. Fiorio akaziondoa Lancia zilizobaki mashindanoni.

Simtwiki yeye mzigo wote. Mwezi Machi mwaka huo, Ureno, gari la Ford liliingia kwenye watazamaji na watatu wakafa. Peugeot, Audi, Ford, wote walikuwa wanakimbizana kwenye njia ileile, na walioandika sheria ndio walioifungua. Lakini mtu anayetafuta kila siku kile ambacho sheria haikukataza, lazima siku moja akutane na kitu ambacho ilipaswa kukikataza. Nadhani hilo ni la haki kulisema, hata kwa mtu ninayemheshimu.

Kundi B likafutwa. Kuanzia 1987 ikawa magari ya kawaida, 5,000 kwa uchache. Na nani alikuwa na gari dogo la familia lenye turbo na magurudumu manne, tayari kiwandani? Lancia Delta. Wengine walikuwa bado wanatafuta. Juha Kankkunen akawa bingwa 1987, Miki Biasion 1988, na mataji ya watengenezaji yakaanza kuja mfululizo mpaka yakafika sita, mengine Fiorio akiwa ameshaondoka.

Lakini deni la huku lilikuwa bado. Alén alikuwa ameshika nafasi ya tatu mwaka 1979 na Fiat, na ya tatu tena mwaka 1986 na 037. Miaka inakwenda. Mwaka 1987 Audi walishinda Safari na jigari lao kubwa la 200. Kwa ajili ya 1988 Lancia waliacha kutafuta mwanya, wakaanza kujipanga kama watu wanaohamia. Delta Integrale iliimarishwa chini, ikafungwa vyuma vya kuzuia ng'ombe na bomba la kuvutia hewa juu ili ivuke maji. Angani helikopta ilitangulia kumwonya dereva kwa redio: kuna lori, kuna mifugo, daraja limezama. Chini kulikuwa na magari ya mafundi yaliyotawanywa kila kona ya nchi. Biasion na Tiziano Siviero wakashinda, na Mkenya Mike Kirkland akawa wa pili na Nissan. Kitu ambacho Lancia walikisaka tangu enzi za Fulvia wakakipata kwa gari ambalo mke wa mwalimu wa Turin angeweza kulinunua aende nalo sokoni. Wazo la Stratos, kwamba anza na gari la mbio, lilishindwa huku. Lililoshinda lilikuwa wazo la zamani.

Pasaka iliyofuata, 1989, Biasion alishinda tena Nairobi, Kirkland tena wa pili. Fiorio hakuwepo. Jumapili hiyo ya Pasaka, tarehe 26 Machi, alikuwa Rio de Janeiro, bosi mpya wa timu ya Ferrari kwenye langalanga. Enzo alikuwa amefariki Agosti iliyotangulia. Gari lao, lililobuniwa na John Barnard, lilikuwa na gia za kubadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, jambo geni kabisa wakati huo, na kwenye majaribio lilikuwa linaharibika kila mara. Dereva wao, Nigel Mansell, amesimulia kwamba alikuwa amekata tiketi ya ndege ya mapema, akijua hatamaliza. Akashinda mbio! Kwa hiyo mwisho wa wiki huohuo mmoja, gari aliloliacha Fiorio lilishinda Kenya, na gari alilolikuta lilishinda Brazil.

Mwaka 1990 alimleta dereva Mfaransa, Alain Prost. Ferrari wakashinda mbio sita, Prost tano na Mansell moja, na Prost akafika Suzuka, Japani, bado ana nafasi ya ubingwa, mpaka mpinzani wake Ayrton Senna alipomgonga kwenye kona ya kwanza. Lakini nyumba ilikuwa imeshapasuka ndani. Kule Ureno Mansell alimbana Prost ukutani kwenye mwanzo wa mbio, wenzake kabisa wa timu moja, na Prost akalalamika hadharani kwamba hakuna uongozi. Fiorio wa Sanremo 1976 angekuwa na hesabu ya sekunde nne. Huku hakukuwa na hesabu.

Kisha likaja suala la Senna. Kwa maelezo ya Fiorio mwenyewe, aliyoyarudia mara nyingi, mwaka huo alifikia makubaliano ya awali na Senna ajiunge na Ferrari, na mpango ukavunjwa na wakubwa wa kampuni, rais wake wakati huo akiwa Piero Fusaro. Mei 1991, baada ya mbio za Monaco, Fiorio akaondolewa. Kabla mwaka haujaisha, Prost naye akafukuzwa. Ferrari ya siku hizo ilikuwa na siasa nyingi kuliko sheria, na siasa hazina kitabu unachoweza kukaa nacho usiku ukakisoma.

Baadaye alipita Ligier, akapita Forti, kisha Minardi, ambako alikuwepo wakati kijana mmoja wa Kihispania alipopewa gari alijaribu kule Jerez mwishoni mwa 1999. Jina lake Fernando Alonso. Siku hizi Fiorio ana shamba na nyumba ya wageni Puglia, kusini mwa Italia.

Nimeruka jambo moja kwa makusudi, la 1992. Fiorio alikuwa pia mwanamashua wa mbio, na baada ya kutoka Ferrari alikabidhiwa chombo kiitwacho Destriero, urefu mita 67, injini tatu za aina ya ndege, nguvu ya farasi 60,000. Mwenye mradi alikuwa Aga Khan Karim, yule yule ambaye jina lake liko kwenye hospitali zetu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na ambaye gazeti la Daily Nation lilizaliwa chini yake. Agosti mwaka huo Destriero iliondoka New York na kufika Bishop Rock, Uingereza, kwa saa 58 na dakika 34, bila kusimama kujaza mafuta. Mwendo wa wastani ulikuwa noti 53, yaani maili 53 za baharini kwa saa. Hakuna chombo cha majini kilichowahi kuvuka Atlantiki upesi hivyo.

Kuna kombe la zamani la meli zinazovuka bahari hiyo, Hales Trophy. Fiorio hakupewa. Masharti ya kombe yanataka meli ya abiria, na Destriero haikubeba abiria. Wadhamini wa kombe walikuwa wamekisoma kitabu chao vizuri.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naona mzee mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja 504, tuanze naye.